Makabati za Kijani Kwa Nyumba ya Kuku

Wiki tatu zimeisha tangu tumzike mama mkwe wangu, na bado watu wa kanisa wananisimamisha kwa lango hapa Komarock kunipa pole na ile sauti ya chini, kama wanaongea na mgonjwa. Siku ya mazishi mchungaji alisimama akasema ati marehemu alinipenda kama mtoto wa tumbo lake. Nikacheka. Haikuwa kicheko kubwa, ni ile ya kutokea kwa pua, lakini nilikuwa nimekaa karibu na kipaza sauti na ikasikika mpaka hema ya nyuma. Ambani, bwanangu, akanifinya mkono mpaka alama ikabaki. Sasa wacha niseme ukweli, maana uongo ukiachwa peke yake unazaa. Mimi na huyo mama tulichukiana. Tulichukiana vizuri, kwa bidii, bila kupumzika hata Jumapili, na kazi yenyewe tuliianza mwaka wangu wa kwanza kwa hii boma. Mimi shule niliwachia darasa la nane, sijui kuandika nikizunguka. Nitasema venye ilikuwa.

Mambo ya kwetu Ukambani nitaruka, isipokuwa hii moja: baba yangu alikuwa mchongaji, na mimi nimelelewa kwa vumbi ya mbao nikichonga twiga na vifaru za kuuzia watalii. Nilikuwa na miaka ishirini na moja nilipoingia kwa akina Ambani, na begi moja na mdomo. Ambani ni Mluhya. Kwao, bibi mgeni hana jiko. Anapika kwa jiko ya mama mkwe, mboga ya mama mkwe, na sufuria za mama mkwe, mpaka siku ile mama mkwe mwenyewe ataamua ameiva, ampe moto kutoka kwa jiko yake aende akawashe kwake. Moto usipotoka kwa mkono wa mama, hata ukipika wali ya harusi hapo ni uchafu, hakuna mtu wa hiyo familia ataonja. Na baba mkwe naye haingii jikoni ya bibi ya kijana yake, hata kumwongelesha uso kwa uso ni aibu. Mimi nilidhani hizo ni vitu za ushago, za kijijini, ati ukishafika Nairobi zinabaki kwa kituo cha basi. Nilijua sijui kitu siku ya kwanza, nilipoweka mkono kwa kifuniko cha sufuria na Mama akasema bila kuinua macho, "Hiyo imekuita?"

Jikoni yake ilikuwa nyembamba, watu wawili wakipishana mmoja lazima ashike pumzi. Sufuria zilikuwa zimeangikwa kwa ukuta kwa mpangilio wa ukubwa, kama watoto wa shule mbele ya bendera, na ukirudisha ya nne mahali ya tatu utasikia. Yeye alikuwa anakaa kwa kigoda pale mlangoni na sinia ya mrenda kwa magoti, anachambua majani na kunichambua mimi pamoja. Kitunguu nilikata kubwa. Nilikata ndogo. Omena sikutoa vichwa, kesho yake nikatoa vichwa nikaulizwa kwani nimekuja kupunguza samaki ya watu. Chai yangu ilikuwa "maji imepita karibu na ng'ombe." Mimi pia sikuwa malaika. Jioni moja alisema mboga haina chumvi, nikamwambia, "Mama, lia kidogo hapo juu yake." Alinyamaza siku mbili, na hizo siku mbili ndio likizo pekee nilipata hiyo mwaka.

Chumba yetu na Ambani ilikuwa nyuma, imetenganishwa na jikoni kwa ukuta ya mbao, kwa hivyo Mama hakuhitaji kuniambia kitu, alikuwa anaambia mgeni wake na mimi nasikia. Mgeni karibu kila mara alikuwa Senge, dada ya baba mkwe, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, anakuja kutoka Huruma kila Alhamisi na mfuko ya njugu. Siku moja nilikuwa nimelala na homa, nikasikia Senge anauliza, "Na huyu mtoto utamtoa jikoni yako lini?" Mama akajibu, "Mimi nilipikia mama yenu miaka sita, na kuni ya mvua. Macho yangu ilikuwa nyekundu mpaka watu wanauliza kama nakunywa. Huyu wa gesi analia nini?" Senge akatafuna njugu kidogo, akasema, "Mama yetu alikuwa shetani." Mama akasema, "Alikuwa. Lakini nilijua kupika." Nikiwa kijana hiyo maneno ilinipatia hasira tu. Sasa nikifikiria ile miaka sita naona bado nina hasira, ila imegawanyika mara mbili, nusu imeenda kwa mwanamke sijawahi kumwona.

Vita yenyewe ilianza mwezi wa tano, na ilianzishwa na mwiko. Alinipiga nao kwa vidole, si kwa nguvu, ni vile unafukuza nzi. Niliweka sufuria chini nikamwambia mbele ya Ambani na mzee kule sebuleni kwamba nataka jiko yangu. Ambani akaangalia viatu yake. Huyo bwanangu anabeba magunia Indastrial Eria kutoka asubuhi, ana mgongo kama mlango, lakini mama yake akikohoa anakuwa mtoto wa nasari. Mama alipangusa mikono polepole. "Unataka jiko," akasema. "Kuna nyumba ya kuku hapo nje. Ni ya mbao, ina bati, ina mlango. Tengeneza. Tukienda ushago Desemba ikiwa tayari, nitakupa moto. Isipokuwa tayari, naweka mpangaji humo, na wewe utapika kwangu mpaka siku mtanizika." Wiki hiyo hiyo aliuza kuku zote. Alibakisha jogoo moja mzee, na mpaka leo naamini alimbakisha makusudi, maana huyo jogoo alikuwa anarudi kulala kwa nyumba yake kila jioni na kila jioni namtoa na ufagio, na Mama anasema kwa sauti ya kufika kwa jirani, "Tazama, mwenye nyumba anafukuzwa na mgeni."

Hiyo kibanda ilikuwa futi nane kwa kumi. Niliiosha mara nne na bado ikinyesha ilikuwa inakumbuka kuku. Makabati nilipata kwa bahati. Ambani alikuwa ametumwa na lori kuchukua mbao ya nyumba moja ya zamani huko Kileleshwa, inabomolewa ijengwe maghorofa, na vitu zake zinauzwa kwa yadi karibu na kazi yake: milango, masinki, madirisha bado na pazia. Nilienda Jumamosi nikachagua makabati tano, tatu za kukaa chini na mbili za kuangika. Zilikuwa rangi ya kijani, mbao ngumu, na droo zinaingia bila kelele. Mwenye yadi aliniuliza, "Madam, jikoni yako ni kubwa aje?" Nikamwambia, "Ni ile ya kuku watatu wakilala upande." Tulizileta na mkokoteni, na watoto wote wa korti, zile nyumba zetu za ua moja, wanatufuata kama ni maandamano.

Mama alitoka kuzikagua kabla hata hazijashuka. Alifungua mlango ya kabati kubwa, na ndani yake mpishi wa ile nyumba alikuwa ameandika na kalamu ratiba ya mbwa: Jumatatu nyama, Jumatano nyama na wali, Ijumaa maini. Alisoma yote, kidole chini ya kila neno. Halafu akageuka kwa majirani waliokuwa wamejaa kwa ua. "Ona," akasema, "kwa hii kabati hata mbwa walikuwa wanapikiwa vizuri kuliko venye huyu anatupikia." Watu walicheka wakashikilia kuta. Mimi nikasema, "Mama, hata mimi nimeshangaa kuna mbwa wanakula bila kulalamika. Nilidhani mbwa wote wanaongea." Hapo kicheko ilikatika, kila mtu akakumbuka ana nguo ameanika.

Sasa nifike kwa kosa yangu. Mchongaji hapimi. Hiyo ndio shule nililelewa nayo: unafunga jicho moja, unaangalia mbao, mbao inakuambia twiga iko wapi. Ukiona mtu na futi ya kupimia mkononi unamhurumia. Kwa hivyo nilipoweka zile makabati na zikakataa kukaa, moja inalalia nyingine kama walevi, mimi nilifunga jicho moja. Niliangalia kutoka kwa mlango, nikafuatisha mstari wa paa ya nyumba ya Mama, nikaona upande wa kushoto uko juu vidole vitatu. Nikachukua msumeno nikakata miguu ya makabati zote tatu, vidole vitatu, upande wa kushoto, siku moja, nikiimba. Kitu sikujua ni kwamba hiyo paa yenyewe imeinama miaka kumi. Na sakafu ya nyumba ya kuku inajengwa na mteremko, ndio ukiosha, uchafu ushuke. Niliweka mteremko juu ya mteremko. Nilipozirudisha kwa ukuta, milango ya makabati zote tatu ikafunguka pole pole, pamoja, peke yao. Nikifunga zinafunguka. Niliweka yai juu, likakimbia mpaka mwisho likaanguka. Ukishakata mbao hakuna kusema samahani ikarudi.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Mama aliita mpaka watu wa korti ya nyuma waje waone. Alifunga mlango moja kwa heshima kabisa, akarudi nyuma akakunja mikono, na ikafunguka. "Hata makabati hazikutaki," akaniambia. "Zinakufungulia mlango utoke." Jioni hiyo nilipika kwake kama kawaida na nikasikia anaambia Ambani kuna mtu wa stima anatafuta chumba, ataleta mzigo mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Ambani akasema, "Sawa, Mama." Nilipomuuliza kitandani kwa nini alisema sawa, akasema, "Ningesema nini?" Hapo ndio nilitoa begi chini ya kitanda. Sikupanga nguo. Niliiweka tu mahali naweza kuiona, na nikajiambia kama nitapika kwa ile jikoni mwaka mwingine nitaenda Ukambani nikachonge vifaru mpaka nizeeke, na wao watafute mtu wa kupiga na mwiko.

Siku ya tatu baba mkwe alijitokeza nyuma ya kibanda. Mzee alikuwa amefanya useremala wa reli miaka thelathini, mabehewa, viti, milango, na tangu niingie hiyo boma tulikuwa hatujaongea hata maneno kumi. Nikiingia sebuleni anainua gazeti. Sasa alisimama kwa dirisha ya kibanda, mgongo umenigeukia, anaangalia ukuta ya jirani. Mguuni alikuwa na yule jogoo. "Wewe jogoo," mzee akasema, "uliza aliye ndani, hiyo takataka ni nani alikata."

Nikaangalia kama kuna mtu mwingine. Hakuna. Nikasema, "Jogoo, mwambie ni mimi."

"Jogoo, muulize alipima na nini."

"Mwambie na jicho."

Mzee akatema mate kando. "Jogoo," akasema, "mwambie watu watapita hapa waone hiyo kitu imeinama, na watasema ni fundi wa reli alijenga. Mimi nilijenga behewa ya mawaziri. Mwambie mimi sifanyi hii kwa sababu yake. Yeye hata akienda leo, aende. Mimi ni hiyo mbao inanifanya nisilale."

Halafu akapitisha kwa dirisha mpira mwembamba wa plastiki, ile unaona ndani, umejaa maji. Ncha moja alibaki nayo huko nje, ncha ingine ikaniangukia. Ile siku ndio nilijua kwamba mtu anaweza kujenga chumba hawezi kuingia. Maji ndani ya mpira inakaa sawa pande zote, upende usipende, hata kama katikati kuna ukuta na mila. Yeye anashika upande wake kwa alama aliyochora nje, mimi nasongesha upande wangu juu na chini kwa ukuta wa ndani mpaka maji itulie, nachora. Tunaenda kona ingine. Wiki mbili tulifanya hivyo, kila jioni akitoka kulala kidogo, na sikuwahi kutukanwa na mtu mwenye anaongea na jogoo kama nilivyotukanwa. "Jogoo, mwambie penseli si mwiko." "Jogoo, huyo amezaliwa na vidole ama na vijiti?" Na mimi, "Jogoo, mwambie mzee ashike mpira sawa, mkono wake unatetemeka kama wa mtu ameiba." Alinionyesha kukata vipande vyembamba vya mbao vya kupigilia chini ya miguu, kidogo kidogo, mpaka zile vidole vitatu nilizokata zikarudi. Alinifanya nitoe moja mara kumi na moja kwa sababu ya unene wa ukucha. Hakusema imekuwa nzuri. Siku milango ilikaa bila kufunguka alirudisha mpira wake kwa dirisha, akaukunja, akaenda, na kesho yake nikiingia sebuleni gazeti ikapanda vilevile.

Niliangika makabati za juu, nikapigilia rafu za vyombo, nikaweka sinki kuukuu yenye ufa nilioziba na simenti, nikakwaruza rangi iliyovimba na wembe mpaka vidole vikakufa ganzi. Ratiba ya mbwa sikufuta. Tarehe ya kwenda ushago ilikuwa Ijumaa, na Alhamisi Senge akaja na njugu zake na sanduku, tusafiri pamoja kesho yake. Aliingia kwa kibanda, akajaza kibanda. Alivuta droo zote. Akatoka akasimama katikati ya ua na akasema, "Mama Ambani, hii imeisha. Mpe mtoto moto."

Mama alikuwa anaanika nguo. "Nitampa," akasema. "Mimi sivunji maneno yangu." Alimaliza shati, akamaliza soksi mbili, akaingia jikoni kwake. Mimi nilikuwa nimepanga makaa kwa jiko, nimeweka karatasi chini, sufuria ya maji iko tayari pembeni, na nilikuwa nangoja aje na kaa la moto kwa kijiko venye Ambani aliniambia inafanywa. Alikuja na kiberiti. Alikuwa ameweka kwa kiganja, akaninyooshea mbele ya Senge, mbele ya Ambani, na mzee amesimama mbali kwa kona ya ua anaangalia ukuta. "Huu ndio moto wa jikoni yangu," akasema. "Ukiwaka umewaka. Ukizima, umezima na mkono wako, usiseme ni Mama."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na njiti moja.

Senge akasema, "Mama Ambani." Mama akasema, "Alipewa moto, hakupewa duka." Ambani, nitamshukuru kwa hii peke yake, alifungua mdomo na akasema, "Mama, hiyo si sawa," na sauti yake ikakatika hapo, lakini ilikuwa imetoka. Upepo wa Desemba ulikuwa unaingia chini ya mabati na karatasi yangu inacheza kwa jiko. Nilijua hiyo njiti haiwezi. Kila mtu alijua, na Mama alijua kuliko wote, alikuwa ameegemea fremu ya mlango niliotengeneza mimi, amepumzika kabisa, kama mtu ameshafika nyumbani.

Wembe ulikuwa kwa dirisha. Nikaweka njiti juu ya kabati, nikafunga jicho moja, nikaweka wembe katikati ya kichwa chake na nikaipasua kwa urefu, kutoka juu mpaka chini, polepole, venye unapasua pembe ya swara wa mbao bila kuivunja. Zikatoka njiti mbili, kila moja na nusu kichwa. Nikachukua ya kwanza nikapiga. Ikawaka, nikainama, upepo ukaingia na ikazima kabla ifike kwa karatasi. Mama akavuta pumzi kwa pua. Sikumwangalia. Nikageuka nikaweka mgongo wangu kati ya mlango na jiko, nikachuchumaa mpaka sketi ikafunika pande zote, na nikapiga ya pili ndani ya karatasi kabisa. Vidole viliungua. Sikutoa. Nikasikia karatasi inaanza kula, halafu makaa ikalia, na nilipoinuka moshi ilikuwa inatoka kwa jiko yangu na kupita kwa uso wa Mama pale mlangoni.

Hakukohoa. Alisimama mpaka maji ikachemka, na hata nilipomwaga unga bado alikuwa hapo, mikono imekunjwa, anaangalia mwiko wangu ukizunguka. "Umeweka maji mingi," akasema.

"Mama," nikamwambia, "hapa ni kwangu. Maji ni yangu."

Akaniangalia kidogo, halafu akageuka akarudi kwa nguo zake. Na maji ilikuwa mingi kweli. Hiyo ugali ilitoka laini ikaenea kwa sahani kama uji imechoka, Senge akaonja akarudisha mkono, Ambani akala nusu kwa sababu ya ndoa. Mimi nilikula yangu, nikamaliza na yake, nikaosha sufuria, na nikaiangika kwa ukuta wangu mahali sijui hata ni ya ngapi.